Bidoni ya Kilio Inapita Mbele

Ninyi mabinti mnaolinda vibanda vipya vya maji huku Panda mmeniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani. Basi nawaandikia. Sikusoma sana. Nilitoka shuleni mama yangu alipozaa mapacha, mikono ikahitajika nyumbani, na mikono hiyo haikurudi tena kwa masista. Kiswahili changu ni kile cha katekisimu. Lakini watu nitawaacha waseme vile wanasemaka, kwa sababu nikiwasahihisha hawatakuwa wao tena. Na mkitaka kusoma namna ya kupanda cheo, ombeni mwingine. Mlinzi wa robineti hapandi. Anasimama.

Robineti yetu, ule mfereji wa kuchotea maji, ilikuwa kwenye kona ya avenyu, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, kati ya nyumba za matofali zilizofanana mpaka mlevi alihesabu milango ili afike kwake. Bomba lilitoka barabara kubwa, likapita chini ya avenyu nzima mbele ya kila mlango, likaishia kwetu. Hapo mwanzo kila nyumba ilikuwa na maji yake uani. Mabomba madogo yakaoza, hakuna aliyekuja kuyabadilisha, na nyumba zote zikabaki na robineti moja. Ndipo ikahitajika mtu wa kuilinda. Marehemu bwana yangu alifanya kazi usine, kiwanda cha kampuni, akasema mke wake ana sauti ya kutosha. Nikapewa kazi kwa ajili ya sauti.

Aliyenifundisha ni Tata Mukalayi, mzee wa mabomba, mtu mfupi aliyenukia mafuta ya mashini hata siku ya Pasaka. Alinikabidhi ufunguo: chuma kirefu kinachofika kiunoni, kichwa chake kama msalaba, cha kufungulia maji chini ya kifuniko. Asubuhi ya kwanza nilitaka watu waone nina nguvu. Nikauzungusha mara moja mpaka mwisho. Bomba likalia kama nguruwe anayeshikwa, na mbele ya mlango wa mwalimu wa kwaya kiungo kikapasuka, maji yakaruka juu ya nguo zake za Dominika. Tata Mukalayi hakupiga kelele. Aliniambia nishike ufunguo tena, polepole, nisikilize kwa kiganja.

"Maji iko inalala mule ndani," akasema. "Weye, muntu akikuamusha na teke, utafanya nini?"

"Nitamupiga."

"Bon. Na yeye amepiga."

Tangu siku ile nimefungua maji kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Kiganja kinajua. Maji yakija na hewa, ufunguo unatetemeka kwa haraka. Yakija vizuri, unavuma kidogo, kama paka. Ninyi mna vibanda vyenye batani, sijui kama batani inavuma.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Ufunguo. Brashi ya kusugulia sementi, maana utelezi umevunja nyonga nyingi kuliko pombe. Uzi wa katani na kipande cha sabuni kwa kuziba viungo. Mpira wa ndani wa gurudumu kwa kukata vile viduara vinavyokaa ndani ya robineti: wa baiskeli ni laini sana, wa lori ni mgumu, chukueni wa gari dogo. Na filimbi. Filimbi ni ya kusimamisha vita, msiipige kwa kujionyesha.

Sasa sheria, maana bila sheria robineti ni uwanja wa ngumi. Watu hawakusimama siku nzima. Zilisimama bidoni, madumu ya maji, kwa mulongo, foleni moja ndefu, kila moja na kitambaa chake kwenye mkono ili ijulikane ni ya nani, na mwenyewe akaenda kusonga bukari. Bidoni ni mwenyewe. Ukiisogeza umemsukuma mtu. Mlinzi peke yake ndiye anayeweza kuisogeza, na kwa sababu moja tu: kilio.

Mtu akifa, wanawake wa nyumba ile wanakaa chini kwenye mkeka, mikono yao haigusi kazi. Ndipo wanaume wanachukua bidoni. Kwetu mwanaume hakuja robineti siku nyingine yoyote. Hata aliyefiwa na mke alimwomba jirani, au alikaa na kiu na heshima yake. Kwa hiyo wanaume wakitokea asubuhi na bidoni, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mlinzi haulizi. Anachukua bidoni zao, anaziweka mbele ya zote, na wote waliopo wananyamaza mpaka zijae. Habari ya kifo ilipita hapo kwanza, kabla ya kengele ya misa, kabla ya watu kulia. Nilimwuliza Tata Mukalayi: na kama ni nyumba ya mtu anayenitukana?

"Kilio haina adui, mama," akajibu, akaendelea kukata mpira wake.

Kesi ngumu hazikukosa. Pasta mmoja wa kanisa la chini kule alikuja nyuma ya wanawake waliobeba bidoni za ubatizo, akataka zipite mbele. Nikamwambia mbele ni kwa waliokufa. Akasema ubatizo nao ni kufa, ni kufa kwa mtu wa zamani. Alikuwa na Biblia, mimi nilikuwa na ufunguo. Nikamwambia alete maiti ya huyo mtu wa zamani, nitampisha. Mulongo mzima ukacheka, na yeye mwishowe akacheka, akaenda nyuma. Kulikuwa pia na siku za umeme. Mwadingusha, kule umeme unakotoka, ikiugua, mapompe ya maji yanalala, na bidoni zinakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni bila tone. Siku hizo nilijua mambo yote: nani ana mimba, nani ameachwa, nani anaweka maji mengi kwenye mboga ya sombe ili itoshe wageni. Sikuyarudia. Mlinzi anayerudia maneno atafukuzwa na maneno.

Wa kwanza kwenye mulongo alikuwa Rejina, kila siku. Bidoni yake ilikuwa na kitambaa cha buluu. Tulifika kambini mwaka mmoja, wote wawili maharusi, na Fiston, kitinda mimba wake, nilimshika mimi siku ya ubatizo. Mgongo ukiniuma, Rejina alishika upande wa pili wa ufunguo. Akikosa nafasi ya kwanza, alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia Mungu atamweka wa mwisho mbinguni kwa kulipiza. Akasema hata kule atatuma bidoni mapema.

Halafu kampuni ikapungua, ikapungua, na kambi ikawa ya kila mtu. Wazee waliuza nyumba wakarudi kwao. Wapya wakaja, wengine watu wazuri sana. Sisemi wageni ndio walioharibu avenyu. Aliyeanza alikuwa mzee wa hapa hapa, jirani ya Rejina, aliyechimba choo akakuta jiwe la kijani, lile la shaba. Baada ya hapo hakuna aliyechimba choo kwa ajili ya choo. Parseli, viwanja vya nyumba zetu, zilizungushwa mabati na mashuka ya plastiki. Walichimba uani, wakaingia jikoni, wakamaliza chumbani, kitanda kinasogezwa mchana na kurudishwa jioni. Mipapai ikaanza kuinama. Ukipita avenyu saa ya jua kali unasikia watu wanaongea chini ya miguu yako, na unaongeza mwendo, kama vile wewe ndiye mwizi.

Wakaleta mawe kwenye mabeseni wayaoshe robineti. Nikakataa. Nikawaambia robineti ni ya kinywa. Binti mmoja wa kupaka kucha akanicheka: "Mama Robineti, jiwe hii ndiyo inalisha bantu sasa. Haiko maji yako."

"Basi kunywa jiwe," nikamwambia, nikafunga.

Nilikwenda pia kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu. Akaja na kitambaa chake cha kufutia jasho, akachungulia juu ya mabati mahali pawili, akaniambia ataongea na watu. Aliongea nao kweli. Kuanzia hapo mashimo yalifunikwa vizuri zaidi.

Mbele ya robineti yangu, ng'ambo ya avenyu, alipanga kijana mmoja mchimbaji, Kasongo, na mke wake Marte. Bidoni ya Marte ilikuwa na kitambaa chekundu. Huyu Kasongo alikuwa mtu wa mzaha. Akipanda kutoka shimoni, uso wote udongo, ananipigia kelele toka mlangoni: "Mama Robineti, leo nimekaribia maji chini. Kesho utafunga kazi!" Ninamjibu aoge kwanza ndipo atishe watu. Nilimpenda. Lazima niandike hivyo, kwa sababu hakuna pengine palipoandikwa.

Asubuhi moja wanaume watatu walikuja robineti. Mmoja alishika bidoni yenye kitambaa chekundu. Hawakuja mbele. Waliziweka bidoni zao mwisho kabisa, nyuma ya mabeseni ya kufulia, wakasimama wakitazama chini kama watoto waliovunja sahani. Udongo ulikuwa masikioni mwao. Nikatazama ng'ambo: mlango wa Kasongo umefungwa, na jua limeshapanda.

Tata Mukalayi alisema mlinzi haulizi. Siku ile niliuliza.

"Ni nani?"

"Hakuna kitu, mama," akasema yule wa kitambaa chekundu. "Tunataka kufua tu."

Wanaume watatu, kufua. Nikachukua bidoni zao nikazipeleka mbele, nikaweka ile ya Marte chini ya robineti. Nikangoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza. Kukawa na minong'ono kama ya nyuki, halafu Rejina akatoka mahali pake, akaishika ile bidoni, akairudisha mwisho.

Katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyesogeza bidoni ya mwingine mbele ya macho yangu. Na aliyefanya ni Rejina.

"Rejina, ule ni muntu amekufa."

"Nani alikuambia? Kilio haiko. Bwana ya Marte amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

Akanikaribia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniogopesha. "Minye pia iko na shimo," akasema. "Bakisikia kilio, bakubwa batakuya kufunga mashimo yote ya avenyu. Fiston wako atakula nini? Atakula filimbi?"

Nilitazama mulongo. Kila uso ulikuwa na shimo nyuma yake. Mwanamke mwingine akarudisha bidoni ya pili, mwingine ya tatu. Nilipiga filimbi mpaka shingo ikauma. Hakuna aliyegeuka. Wale wanaume walichota mwisho, baada ya maji ya mabeseni, baada ya yule binti wa kucha. Maji ya kumwoshea Kasongo yalingoja soksi za watu zifuliwe.

Maiti waliiondoa kwa lori la makala ya kupikia, chini ya magunia matupu, ikazikwe kwao kijijini. Marte akabaki, kwa maana mke wa msafiri hafuati gari. Hakukaa kwenye mkeka. Hakunyoa nywele. Hakufunga kitambaa cha mjane. Aliweka bidoni yake kwenye mulongo kama kawaida, na wanawake, ili jambo likae sawa, wakamwuliza habari za bwana kule alikokwenda.

"Anawasalimu," alikuwa anajibu.

Nilimwita pembeni siku moja, nikataka kumwambia pole. Akaniangalia kwa hofu kubwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba Kasongo ni mzima, ametuma salamu hata kwangu. Nikapokea salamu. Mlinipa kazi ya kueleza kesi ngumu. Hiyo ndiyo iliyonishinda.

Maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalikuja membamba, halafu mekundu, halafu mekundu na mchanga. Kiganja changu kilisikia ufunguo unayumba. Haukutetemeka na haukuvuma, ulikuwa unayumba, kama jino la mtoto. Wafanyakazi wa maji walipokuja, walitaka kuchimba waone bomba. Koleo likaingia mara ya kwanza likapotea. Chini ya avenyu mashimo yalikuwa yamekutana, na bomba letu lilining'inia kati yake kama kamba ya kuanikia nguo, limepasuka mahali pengi. Wakubwa wao wakasema hawawezi kuweka bomba hewani. Wakaliziba kule barabara kubwa. Mmoja wao, mtu wa adabu, akaniambia, "Sasa mupumzike, mama." Ndiyo sherehe yangu ya kustaafu. Walisahau kuniomba ufunguo.

Mtu asiwadanganye kwamba robineti ni maji tu. Mulongo ulipokufa, kila mmoja alikwenda njia yake: huyu mtoni, huyu kwa wauza maji wa baiskeli, huyu kwa ndugu zake kartye nyingine. Ukikosa kuonekana, hakuna anayeona umekosekana. Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Rejina na sikujua anakula saa ngapi. Hatukugombana tena. Hatukuwa na mahali pa kugombania.

Mvua ya kwanza ikanyesha alasiri yote. Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikaona bidoni moja imesimama kwenye robineti iliyokauka. Ilikuwa mahali pa mbele kabisa. Kitambaa cha buluu. Na Rejina alisimama kando yake, peku, kitenge chote matope. Bwana yake miguu ilishakufa zamani, na wakwe zake, waume wa binti zake, walikuwa bado uani na makoleo, wakifukua shimo lililobomoka. Hakukuwa na mwanaume wa kubeba. Mama mwenye kilio alileta bidoni mwenyewe. Sikuwahi kuona.

Sikuuliza. Makoleo ya wakwe wote niliyasikia uani, kwa hiyo aliyekosekana alikuwa mmoja.

"Weka mbele," akaniambia.

"Iko mbele, Rejina. Iko peke yake."

Nilikwenda kuchukua filimbi, nikapiga. Mapazia yalisogea. Milango haikufunguka. Nilielewa wanachongoja: kusikia kama Fiston amekufa au amesafiri.

Mlango mmoja ukafunguka, wa Marte. Akavuka avenyu akaja moja kwa moja, akashika mkono wa ile bidoni. Nilifikiri ataipeleka nyuma, na kama angeipeleka nisingekuwa na neno la kumwambia. Rejina naye alifikiri hivyo, kwa maana aliishikilia kwa mikono miwili.

"Mama Rejina, acha," Marte akasema. "Minye nitaenda ku mutoni."

"Bakikuuliza njiani, utasema nini?"

"Nitasema ni ya kilio."

Rejina akaachia. Marte akaondoka nayo, akashuka avenyu, na kwa kila aliyemwuliza alisema wazi: ni maji ya kilio, Fiston wa Mama Rejina amekufa shimoni. Nilimsikia mpaka alipokata kona.

Alirudi jua likiwa utosini. Maji yalikuwa na mchanga; tukayaacha yatulie, na ndiyo tuliyomwoshea. Kichwa cha Fiston nilikishika mimi kikimwagiwa maji, mara ya pili tangu azaliwe. Kwenye mkeka tulikuwa Rejina, binti zake wawili, mimi na Marte. Watano. Zamani avenyu ingejaa, wengine wangekaa barabarani.

Ndipo Marte alipovua kitambaa cha kichwa na kuanza kulia. Hakulia Fiston. Alilia, "Kasongo, Kasongo," akipiga mkeka kwa kiganja. Binti wa Rejina akataka kumnyamazisha. Rejina akamzuia. Akasogea kando, akampa Marte nafasi karibu na maiti, ile nafasi ya mwenye kilio.

"Lia," akamwambia. "Bwana yako alikufa. Minye nilirudisha bidoni nyuma."

Parseli ya pili wakawasha pompe, kuondoa maji ya mvua shimoni kwao. Tulilia kwa nguvu zetu zote, lakini mashini ina nguvu kuliko wanawake watano, na mtu aliyepita barabarani alisikia mashini tu.

Fiston alizikwa kesho yake, mchana kweupe. Panda yote ilijua, Marte alihakikisha. Tukangoja wakubwa waje kufunga mashimo, kama walivyoogopa wote asubuhi ile ya Kasongo. Hawajaja. Wakwe wa Rejina walirudi chini kabla ya mkeka kukunjwa.

Basi hayo ndiyo niliyo nayo. Viduara vya mpira nimewaambia, kufungua polepole nimewaambia. Wanaume wakija na bidoni asubuhi, msiulize, hata wakisema wanafua. Wekeni mbele. Na mtu akizirudisha nyuma, acheni kupiga filimbi. Fungeni maji, mkae juu ya kifuniko, mpaka wote wanyamaze au wote wakauke. Mimi sikufikiri hilo siku ile. Ufunguo wangu uko nyuma ya mlango, mnaweza kuja kuutazama. Marte huuazima siku moja moja, kuegemezea lango lake, kwa sababu ukuta wake umeanza kuinama.